Chuma Kisichofika Popote

Goti langu la kulia huamka kabla yangu. Nikijigeuza kitandani alfajiri linalia ka, ndipo na mimi nafumbua macho nasema jamani. Mama watoto akiisikia ile ka anajua mzee yu hai, anakwenda kubandika chai. Sasa goti la namna hiyo, lililobeba magunia ya watu toka ujana mpaka ndevu zimeingia mvi, ndilo nililolipeleka jimu. Wala si kwa kupenda. Naanza na hilo kwa sababu hapa Mtendeni wapo waliosema mzee yule kapata nyumba ndogo, ndiyo maana anajitengeneza mwili. Nyumba ndogo kwa miguu hii? Nikifika huko ningeomba kiti na maji ya kunywa, basi.

Ni binti yangu. Mziwanda, yule aliyekuja wakati wenzake wote wameshaondoka nyumbani na sisi tumeshagawa hata beseni la kuogeshea mtoto. Yuko kidato cha tatu. Ana mabega ya upande wangu na ubishi wa upande wa mama yake, na shuleni kwao anatupa tufe. Kwa asiyelijua, tufe ni dude la chuma la mviringo. Unaliweka shingoni chini ya taya, unajikunja, unajikunjua, unalisukuma liende mbali na wewe usilifuate. Mwaka jana kwenye mchujo wa mkoa alikuwa wa tatu, na timu inachukua wawili. Alirudi nyumbani akala ugali wote bila kusema neno, na huyo si mtoto wa kula bila kusema.

Mwalimu wake wa michezo akamwambia, mkono unao, miguu huna. Nenda kanyanyue vyuma, mwakani tuone. Hapo ndipo yalipoanza.

Mama yake alikataa kwanza. Halafu akakubali kwa sharti, na masharti ya mama watoto ni kama kufuli, hayana njia ya pembeni. "Mule ndani wamejaa wanaume vifua wazi," alisema. "Mwanangu haingii bila baba yake. Na siyo kumfikisha mlangoni ukaenda zako kahawani. Ndani. Unamuona kwa macho yako mawili."

"Mimi nikafanye nini humo ndani?" nikauliza.

"Utajua mwenyewe. Daktari si alisema utembee, presha inapanda?"

Kwa hiyo ikawa hivyo. Nikiumwa mimi, yeye haendi. Nikichoka mimi, yeye haendi. Mtoto wa miaka kumi na saba na ndoto yake yote, imefungwa kwenye goti la mzee.

Hiyo jimu ni godauni la zamani la asali na nta. Zamani sana wakati asali inatoka porini kwa madebe ilikuwa inalala humo, na kuta zimeinywa. Joto likizidi, mnaanza kusikia harufu ya asali katikati ya jasho la watu, na nyuki wawili watatu wanaingia kupitia matundu ya juu wanazungukazunguka ukutani kutafuta kitu ambacho kilishaondoka. Hawaumi mtu. Nimewaonea huruma mara nyingi, maana na wao ni kama mimi, wamekuja kwa kuambiwa. Vyuma vyenyewe vingine ni vya dukani, vingine ni saruji iliyomiminwa kwenye ndoo za rangi, vingine ni gia za malori mabovu. Kuna kioo kimoja kirefu kilichotolewa kwenye kabati la nguo. Ada yangu na ya mtoto hatukulipa kwa pesa. Mimi kazi yangu siku hizi ni kushona midomo ya magunia pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, natumia ile sindano kubwa, shazia, na kocha wa jimu alikuwa na gunia la kupigia ngumi limepasuka linamwaga mchanga kila likiguswa. Nikamshonea. Tukaelewana.

Siku ya kwanza nilipata aibu. Kocha, kijana tu, shingo nene, adabu anayo, alinipa shikamoo, akanionyesha zile ndoo za saruji zilizotapakaa chini, akasema nianze na hizo, akaenda kumshughulikia binti. Mimi maisha yangu yote nikionyeshwa rundo najua swali moja tu. Linakwenda wapi? Karibu yangu alikaa mzee mmoja wa umri wangu, tumbo limemtangulia, anapunga upepo kwa taulo. Huyo ni mwenye duka la vitambaa, Mwarabu wa hapahapa Tabora, Kinyamwezi anakijua kuliko wanangu wote. Nikamuuliza, "Hizi zinakwenda wapi?"

Akanitazama kidogo. Akasema kwa uso mkavu kabisa, "Kule ukutani."

Nikabeba. Ndoo moja bega hili, nyingine mkono huu, nakwenda, narudi, nazipanga mbili mbili kama tulivyokuwa tunapanga ndani ya behewa, mdomo ukitazama upande mmoja. Nilipomaliza nilitokwa jasho la haki na nikajisikia vizuri, nikakung'uta mikono. Kugeuka, jimu nzima imesimama inanitazama. Binti yangu kafunika uso kwa viganja.

"Mzee," kocha akasema taratibu, "unanyanyua, halafu unarudisha palepale."

"Palepale?"

"Palepale ulipoitoa."

"Sasa nimefanya kazi gani?"

Yule wa vitambaa alicheka mpaka akakohoa. "Babu zako walibeba pembe za ndovu za babu zangu mpaka pwani," akasema, "leo wewe unabeba ndoo ya saruji mpaka ukutani. Maendeleo hayo."

Nikamjibu, "Na babu zako walitembea nyuma ya mzigo. Leo wewe mzigo umekutangulia, umeufungia na mkanda."

Tukawa marafiki kuanzia hapo. Lakini ndoo nilizirudisha zote mwenyewe, moja moja.

Acha niseme kidogo habari ya kubeba, maana bila hiyo hamtaelewa nilichokuja kukiharibu. Mimi nimezaliwa Kigwa, reli inapita mbele ya nyumba, na nyuma ya nyumba palikuwa na ujia ambao wazee walisema ndiyo njia yenyewe, ile ya misafara, kabla ya reli. Babu yangu hakuwahi kubeba pembe, alizaliwa baadaye, lakini babu yake alibeba. Kwa watu wa kwetu kijana alikuwa hahesabiwi kuwa mtu mzima mpaka aende pwani na mzigo begani na arudi. Wengine hawakurudi. Hayo mimi nimesimuliwa tu. Ninachokijua kwa macho ni nundu. Baba yangu alikuwa nayo begani, kama nusu ya limau, ngozi ngumu, na mimi ninayo, upande wa kushoto, maana nilibeba magunia stesheni ya Tabora mpaka mgongo uliponikataa. Binti yangu akiwa mdogo alikuwa analalia hapo. Nikimbeba akisinzia anatafuta ile nundu kwa shavu, akiipata analala. Sijui kama anakumbuka.

Sasa sisi makuli tulikuwa na desturi. Gunia hujitwiki mwenyewe. Wawili wanakupandishia begani, wewe unakwenda, unapanda ubao, na juu behewani yupo wa kukutua. Na katikati ya safari, ukimuona mwenzako goti linaanza kucheza, huulizi. Huulizi kabisa. Unaingia chini ya gunia lake upande unaoelemea, unaweka bega, mnamaliza pamoja. Mwenye kuuliza kwanza tulikuwa tunamuona mtu mbaya. Mimi mwenyewe niliwahi kuokolewa hivyo juu ya ubao, nina gunia la karanga, mvua imenyesha, ubao unateleza, nikaona mbele giza. Mwenzangu mmoja, Mungu amrehemu, aliingia chini kama panya. Tulivyofika juu hata hakunitazama, akateremka kuchukua la kwake. Hatukuwahi kulizungumza.

Basi tuliendelea hivyo, mimi na binti. Nikitoka mashineni, vumbi la pumba liko masikioni, namkuta kona ya msikiti ana begi lake, amevaa suruali ya michezo na fulana ndefu aliyochaguliwa na mama yake. "Baba, umechelewa." Ndiyo salamu hiyo. Shikamoo inafuata baadaye, tukiwa tumeshaanza kutembea. Ndani, kocha alinipangia mazoezi ya wazee: kukaa kwenye kiti na kusimama, kukaa na kusimama, kushika ndoo ndogo. Unaweza kucheka, lakini kujikalisha kwenye kiti taratibu kwa hiari yako ni kazi kuliko gunia. Siku moja katika kuinuka niliachia hewa, kwa sauti, na nyuki akatoka ukutani. Binti alisema sisi hatujuani na mzee huyu. Wanaume wazima walilala chini kwa kicheko.

Niseme ukweli, nilichoka. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Uchovu wangu una umri, nilikuja nao jimu, na jimu ikauongezea. Nikawa nasinzia mchana na shazia mkononi, nikajichoma kidole gumba, damu ikadondokea mdomo wa gunia la mchele wa mtu, ikabidi nilishone upya. Na kilichonichosha zaidi ni kile chuma chenyewe. Unakitazama mtoto anakipandisha, anakishusha, anakipandisha, jioni nzima, na hakijafika popote. Mimi nilibeba vitu vikaliwa Mwanza, vikaliwa Kigoma. Nilibeba ili huyu asibebe. Nilikuwa naapa hivyo nikiwa juu ya ubao, watoto wangu hawatabeba. Sasa mwenyewe anakwenda kuutafuta mzigo, tena wa bure, na mimi nimekaa namlinda asije akakosa nafasi ya kuubeba.

Mama yake aliona alama. Mtoto alikuwa anasukwa nywele uani, mama akamwinamisha kichwa, akaona pale shingo inapokutana na mgongo, pekundu, pamevimba kidogo.

"Baba watoto," akaniita. Sauti ile ya chini. "Njoo uone kazi yako. Unataka kumwotesha nundu mwanangu?"

"Siyo nundu, mama, ni chuma kinakaa hapo tu," binti akasema.

"Na kwa baba yako kilikaa tu. Utaolewa na nani na nundu?"

"Na kuli."

Nilicheka, nikatazamwa, nikaacha. Mama yake aliingia ndani akatoka na khanga yake ya zamani, iliyofifia, akanitupia. Nikajua maana yake. Kesho yake mashineni nilikata kipande cha gunia, nikakizungushia khanga, nikashona ngata nzuri, ile ya kuwekea mzigo usikuume, nene, na mshono wa mara mbili. Nikaipeleka jimu kifua mbele. Kocha aliijaribu kwenye chuma, chuma kikabiringika juu ya khanga kikataka kumtoka. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Mzee, chuma lazima kiume kidogo, ndiyo kitulie. Kwa hii kitamtupa." Binti akaichukua, akaitia kwenye begi.

Jioni hiyo njiani nikamwambia. Nilikuwa nimelipanga neno hilo toka asubuhi.

"Mama, mimi nimechoka."

Binti zangu wote nawaita mama. Akadhani nataka kupumzika, akasimama. Nikamwambia, siyo hivyo. Nimechoka na hii habari. Nataka kuacha.

Alitembea kidogo. Akasema, "Mpaka lini unaweza?"

"Wewe sema."

"Kocha anasema nikichuchumaa na gia mbili kubwa nikasimama nazo, miguu ya kutupia imeshakuja. Nipe mpaka siku hiyo. Nikisimama nazo tu, unaacha. Mchujo nitakwenda na nilichonacho."

"Na usiposimama?"

"Nitasimama, baba. Usinizingue."

Nikakubali. Nikajiambia mzee, ni gia mbili tu zimebaki.

Gia zile ni mapande ya chuma ya lori kubwa, moja huku moja kule mwisho wa chuma kirefu, na chuma hulala juu ya nguzo mbili. Unaingia chini yake, unakitwaa mabegani, unarudi nyuma hatua, unachuchumaa mpaka mapaja yalale, unasimama. Ndiyo kazi yote. Alizijaribu siku ya joto kali, harufu ya asali imejaa, wanaume wameacha mambo yao wanatazama. Kocha alisimama nyuma yake, mikono wazi, hamgusi. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha kukaa na kusimama.

Akashuka vizuri. Akaanza kupanda. Katikati akakwama. Na hapo nikaliona goti lake la kulia linacheza.

Sikuuliza.

Ninyi mtasema nilifikiri nini. Sikufikiri. Nilijikuta tayari niko chini ya chuma, upande wa kulia, bega la nundu limeshaingia, nasukuma juu kwa nguvu zangu zote kama vile ni gunia. Lakini gunia ni kitu kimoja. Kile ni chuma kirefu chenye ncha mbili. Upande wangu ulipopanda, wa kushoto ulizama, gia ikateleza ikatoka ikapiga sakafu, chuma kikaruka, kocha akamvuta mtoto kwa fulana, watu wakapiga kelele. Sakafu ilipasuka. Mtu hakuumia. Nasema tena, hakuumia mtu, na bado nikiikumbuka ile sauti ya gia natafuta mahali pa kukaa.

Kocha akanigeukia. "Mzee, umetaka kuniulia mtoto?"

"Goti lilicheza," nikasema. "Lilikuwa linacheza."

"Lazima licheze! Ndiyo mazoezi yenyewe!"

Binti yangu hakupiga kelele. Alisimama pale anajishika shingo. Macho yamejaa maji lakini hayamwagiki. "Ningesimama," akasema. "Baba, ningesimama. Sasa sitajua."

Kocha akatuambia twende nyumbani. Wote wawili. Nilimwambia mama watoto kwamba mtoto kapumzishwa, na hilo silo uongo wala silo kweli. Na niwe muwazi, ndani yangu kulikuwa na furaha ndogo ya kizembe. Nilikuwa nimepata likizo bila kuiomba. Kesho yake nilitoka mashineni nikaenda moja kwa moja nyumbani, nikanyoosha miguu kwenye mkeka, nikasema hii sasa ndiyo jioni.

Lakini nikamuona yuko uani, anatazama ukuta wa choo, anachuchumaa na kusimama mikono mitupu. Anachuchumaa, anasimama. Kuku wanamzunguka. Alinipa shikamoo kama anavyompa mgeni, nikaitikia marahaba, akaendelea. Nililala kwenye ule mkeka siku tatu nne, nikagundua kwamba uchovu wangu haukupungua hata kidogo. Ulibadilisha tu mahali pa kukaa, ukatoka kwenye magoti ukapanda kifuani.

Nikaenda jimu peke yangu. Kocha alikuwa anaziba ule ufa kwa saruji, nikachuchumaa karibu, nikamshikia ndoo. Nilimweleza ile desturi yetu ya behewani, kwamba kwetu sisi asiyeingia ndiye mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, nimekuelewa. Lakini hapa mzigo ni wake. Ukimpokea, umemwibia." Akaniambia tunaweza kurudi, ila mimi nitakaa kwenye benchi la mlangoni, mikono nimeikalia. "Ukimgusa tena akiwa na chuma, nje wote wawili, na mchujo ndiyo huo umefika."

Nikasema sawa. Ni neno dogo, na lilinichosha kuliko ubao wa behewa.

Siku tuliyorudi binti alinitolea ngata kwenye begi, akaiweka juu ya benchi. "Kalia hiyo. Na mikono chini." Nikakalia khanga ya mama watoto, viganja chini ya mapaja, kama mwanafunzi aliyekosea. Yule wa vitambaa akaja kukaa pembeni yangu.

"Wamekufunga?"

"Wamenifunga."

"Basi mimi ni askari magereza."

Kocha akapachika gia, safari hii akazibana kwa vibano. Mtoto akaingia chini, akarudi nyuma hatua, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Akashuka. Nilikuwa namuona mara mbili, mgongo wake hapa na uso wake mle kwenye kioo cha kabati. Akafika chini. Akaanza kupanda, akafika palepale, katikati, akakwama palepale. Goti la kulia likaanza kucheza.

Mwili wangu uliondoka. Nasema kweli, mwili uliondoka, ni makalio tu yaliyobaki. Yule mzee wa vitambaa aliweka kiganja juu ya bega langu, juu ya nundu hasa, akakandamiza. Kwenye kioo macho ya mtoto yalinitafuta yakanipata. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo. Goti lake likacheza, likacheza, nikahesabu kwa ule wimbo wa makuli kimoyomoyo, nikausahau katikati, nikaanza upya.

Akasimama.

Polepole, kama mtu anayeinuka kutoka matopeni, akasimama wima na gia zote mbili. Watu wakapiga makofi. Kocha akasema, "Haya, rudisha kwenye nguzo." Ni hatua moja tu mbele. Hakwenda.

"Namsubiri baba anitue," akasema.

"Rudisha bwana, utaumia!"

"Baba, njoo unitue."

Nikataka kuruka. Sikuweza. Nilivyoikalia ile mikono na kujikaza, miguu ilikuwa imekufa ganzi yote, kuanzia nyonga. Nilisukuma, nikarudi chini.

"Subiri," nikasema, "miguu haipo."

"Baba! Fanya haraka basi!"

"Nasema haipo! Imekufa ganzi!"

"Jamani, mleteni!"

Mwenye vitambaa akanishika makwapa, akaninyanyua, tukaenda tunayumba kama walevi wawili, jimu nzima inacheka, na mtoto na yeye anacheka na chuma kiko mabegani, anatetemeka, jasho linamwagika. Nikashika upande wa kulia, mwenzangu akashika wa kushoto, kocha akasema moja, mbili, pamoja. Tukamtua. Kikalala kwenye nguzo kwa mlio mdogo tu. Nikaweka mkono shingoni mwake pale pekundu. Pana joto. Akauacha mkono ukae, halafu akasema, "Baba, unanuka pumba," akaenda kunywa maji.

Mchujo ulifuata siku chache tu baadaye, na mimi sikwenda. Mpunga ulikuwa umeanza kuingia kutoka vijijini, magunia yamepangwa mpaka nje, na tajiri hakutaka kusikia habari za tufe. Nilishona tu. Kila pikipiki ikisimama nainua kichwa, uzi unanitoka kwenye tundu, naanza kuutafuta upya, na macho yenyewe haya. Mchana ukapita. Nikajiambia amekuwa wa tatu tena, ndiyo maana hakuja, yuko nyumbani anakula ugali bila kusema.

Alikuja jua limeshateremka. Alisimama mlangoni kwenye vumbi la pumba, viatu vya raba vyekundu kwa udongo, shingoni ana alama ya tufe, nyeusi kama kidole cha fundi baiskeli. Mashine ilikuwa inapiga kelele, akanionyesha vidole viwili. Wa pili. Wanachukua wawili.

Nililaza shazia juu ya gunia. Nilitaka kusimama, nikaona hapana, nikampungia mkono aje. Akaja akainama, akaweka shavu begani kwangu, upande wa kushoto, muda mfupi tu, kwa sababu watu walikuwepo.

"Hongera mama," nikamwambia sikioni. "Sasa nimemaliza. Tulisema gia mbili."

"Tulisema," akakubali. Akakaa juu ya gunia nililokwisha kulishona. Akachezea uzi. "Ila kambi ya mkoa haianzi mpaka mitihani iishe, na vyuma siwezi kuacha. Na mama sharti lake hajaliondoa, nimepita nyumbani kumuuliza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo leo jimu ni siku ya miguu, baba."

Nikatazama magunia yaliyobaki. Nikatazama goti. Halikusema kitu, lakini nilijua linanisikiliza.

"Nitungie uzi kwanza," nikamwambia. "Macho yangu yameisha."